Tuta la maua la kiangazi: kuchanganya maua ya msimu na ya kudumu miteremkoni mwa Kilimanjaro

Mwaka wa kwanza nilipotengeneza tuta la maua mbele ya nyumba ya mama, juu kidogo ya mji wa Moshi, nilipanda kila kitu Aprili. Masika yalikuwa yamekolea, udongo umelainika, na aliyekulia mlimani anajua kwamba Aprili ndio mwezi wa kupanda. Zinia zikachanua Juni, kosmosi zikafika kiunoni, majirani wakawa wanasimama getini kuangalia. Kufika Agosti, baridi na ukungu vilikuwa vimezimaliza. Desemba, ndugu walipopanda kutoka Dar es Salaam na Mwanza kuja kula Krismasi nyumbani, walikuta mabua makavu, na katikati ya mabua kuku wameshachimba mahali pao pa kuogea vumbi.

Nililaumu mbegu. Kosa lilikuwa la hesabu. Kiangazi chetu huanza mvua za vuli zinapoisha, mwishoni mwa Desemba, na huendelea hadi masika yarudi Machi. Tuta linalotakiwa kupendeza wakati huo hupandwa mara mbili: maua ya kudumu hupandwa masika ili yapate miezi minane ya kushika mizizi, na maua ya msimu hufuata vuli, kwa kuhesabu wiki kurudi nyuma kutoka siku unayotaka yachanue. Nikisema Kilimanjaro, mwenzangu wa Arusha au Lushoto anaweza kunifuata karibu neno kwa neno. Wa pwani atabadilisha mimea mingi, kwa sababu ya joto la usiku na chumvi.

Kwanza, usiamini pakiti

Pakiti nyingi za mbegu za maua madukani zimeandikwa kwa ajili ya bustani za Ulaya. Huko ua huitwa la msimu kwa sababu mbili zisizofanana, na usipozitenganisha utang'oa mimea ambayo ingeishi kwako miaka mitano.

Kuna maua ya msimu kweli: zinia, kosmosi, marigoldi, alizeti. Yanaota, yanachanua, yanatoa mbegu na kufa ndani ya miezi michache, popote duniani yalipo. Halafu kuna mimea ya kudumu ambayo Wazungu huipanda upya kila mwaka kwa sababu baridi yao ya kugandisha maji huiua. Jeraniamu ya kwenye vyungu asili yake ni Afrika Kusini. Vinka, ile yenye maua ya waridi au meupe inayojiotea hata kwenye nyufa za saruji, imetoka Madagaska. Impatiensi ya kivulini, inayouzwa Ulaya kwa mamilioni ya miche, ni ya kwetu kabisa, Afrika Mashariki. Hayo yote kwetu ni ya kudumu. Ukiyapogoa vizuri, mwaka unaofuata yapo.

Kuna pia ya kuachana nayo. Tulipu na peoni zinahitaji majuma mengi ya baridi kali kabla ya kuchanua, na baridi hiyo hatuna. Jambo jingine ni urefu wa siku. Hapa karibu na ikweta mwanga ni saa 12 hivi mwaka mzima. Kosmosi, zinia na marigoldi hufurahia siku fupi, kwa hiyo huwahi kuchanua, wakati mwingine zikiwa bado fupi. Krisanthemu nazo huchanua mapema mno, ndiyo maana wakulima wa maua ya biashara huziwashia taa usiku ili zirefuke kwanza. Mimea ya Ulaya inayongoja siku ndefu za Juni inaweza kukaa kwako majani matupu hadi uchoke kuiangalia.

Chagua upande kwa kufuata jua la kiangazi

Hatua hii wengi huiruka, nami nasisitiza usiiruke. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi katikati ya Machi, jua la mchana hulalia kusini. Miezi mingine hulalia kaskazini. Maana yake, ukuta huohuo una upande wa jua na upande wa kivuli vinavyobadilishana ndani ya mwaka. Mwishoni mwa Desemba, ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita moja upande wake wa kaskazini, saa sita na nusu mchana, jua likiwa juu kabisa. Tuta la mita moja na nusu lililobanwa hapo litakuwa na theluthi mbili kivulini wakati uleule unaotaka lichanue.

Kwa hiyo tuta la kiangazi liweke kusini mwa nyumba, au mashariki. Mimi napenda mashariki. Hupata jua la asubuhi, na linapofika saa nane mchana, joto likiwa kali, nyumba inakuwa imeshalifunika. Upande wa magharibi unaweza ukautumia pia, ila andaa maji mengi zaidi.

Kaa mbali na migomba, angalau mita 3, kwa kuwa mizizi yake iko juujuu na inakunywa kuliko mmea wowote wa maua. Na kama mpakani mwa kihamba, yaani shamba la familia linalozunguka nyumba, kuna masale (mimea ya jamii ya drasena), usiyang'oe kupata nafasi. Wachaga hawaling'oi sale hovyo. Ni alama ya mpaka, na ni jani la kuombea msamaha. Majani yake mapana ya kijani yanakuwa mgongo mzuri wa tuta; panda maua mbele yake.

Kupima na kuandaa udongo (Februari na Machi)

Nitatumia tuta letu kama mfano: urefu mita 6, upana mita 1.5, eneo la mita za mraba 9. Kati ya ukuta na mstari wa kwanza wa mimea acha sentimita 40 za kupita. Usipoacha, utakuja kukanyaga mimea ukienda kung'oa magugu nyuma. Upana wa chini ya mita 1.2 haukupi nafasi ya safu tatu, na bila safu tatu huo unakuwa mstari tu wa maua.

Tifua kina cha jembe, ung'oe ndago na sangari pamoja na mizizi yake yote. Hapa usiharakishe, kwa sababu baada ya mimea ya kudumu kukaa hutapata tena nafasi ya kulima hivi. Sangari iliyobaki ikishaingia katikati ya shina la agapanthasi, ua la kudumu la buluu tutakalopanda katikati ya tuta, dawa pekee ni kung'oa vyote viwili.

Kisha tandaza mboji au samadi iliyooza kwa unene wa sentimita 5. Kwa tuta hili ni ndoo 22 au 23 za lita 20. Samadi iwe ya miezi minne au zaidi, isiyo na joto wala harufu ya zizi. Anayekosa samadi akate alizeti pori, ile yenye maua ya njano inayoota kandokando ya barabara, achanganye majani na matawi mororo na takataka za jikoni. Majani yale yana naitrojeni nyingi na huoza upesi. Chukua ile isiyo na mbegu.

Sehemu mbili za nyuma utakazopanda kosmosi, usizitie samadi. Kosmosi ikishiba hurefuka, hujaa majani, halafu hulala upepo wa kwanza. Ziwekee alama kwa vijiti tangu sasa.

Kupanda maua ya kudumu (Aprili)

Subiri mvua zizoee, wiki mbili hivi baada ya masika kuanza. Panga vyungu na viriba juu ya udongo kabla ya kuchimba shimo lolote, rudi hadi getini, angalia, sogeza. Fanya hivyo mara tatu ikibidi. Mmea wa kudumu ukishakaa mwaka mmoja hutapenda kuuhamisha.

Nyuma tumepanda vichaka vitatu vya salvia ya zambarau ya Meksiko, ile yenye mikia laini kama sufi. Kimoja huchukua mita nzima kwa upana na urefu, na kati ya kimoja na kingine tumeacha pengo la mita 1.2. Mapengo hayo mawili ndiyo ya kosmosi.

Katikati kuna makundi mawili. Agapanthasi tano za buluu, kila moja sentimita 45 kutoka kwa mwenzake, na pentasi nne nyekundu kwa nafasi ya sentimita 50. Pentasi ndilo ua ninalolipenda kuliko yote humu. Ni la Afrika, halihitaji kubembelezwa, na saa tatu asubuhi kukiwa na jua vipepeo hujaa juu yake. Dalia nazo zinafaa safu hii. Huku kwetu huna haja ya kuchimba viazi vyake kila mwaka kama wafanyavyo kwenye nchi za theluji, mradi maji ya masika yasituame. Maji yakituama, viazi huoza.

Mbele weka gazania au jeraniamu kwa makundi ya matatu matatu. Gazania hujifunga siku za mawingu, na hilo halina tatizo kwa tuta la kiangazi. Jeraniamu nunua mche mmoja tu: kata vipandikizi vya sentimita 10, viache kivulini saa chache jeraha likauke, kisha vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Ukianza Februari, Aprili una miche ya kutosha na ya kumgawia jirani.

Usipande lantana, hata ukipewa bure. Imetoka Amerika ya kitropiki, ndege husambaza mbegu zake, na imeshaharibu malisho na misitu sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Na kama nyumbani kuna watoto wadogo au mbuzi wanaozurura, acha pia kimuri, ule mkwezi wenye maua mekundu na njano yaliyopinda kama ndimi za moto. Kiazi chake ni sumu kali.

Ukimaliza, theluthi mbili za tuta zina mimea ya kudumu na theluthi moja ni udongo mtupu. Utatamani kuujaza. Usiujaze. Tandaza maganda ya kahawa au majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 5, bila kugusa mashina. Matandazo hayo huzuia magugu na hulinda udongo usipigwe na mvua kubwa.

Miezi ya kungoja

Kuanzia Mei hadi Septemba kazi ni ndogo: magugu mara moja kwa wiki mbili, na konokono. Konokono za masika humaliza mche laini kwa usiku mmoja. Majivu husaidia hadi mvua inyeshe, yaani hayasaidii wakati unapoyahitaji. Mimi natoka na tochi saa mbili usiku, na ndoo yenye maji ya chumvi. Wiki moja ya kazi hiyo inatosha.

Upande wa Meru, na sehemu nyingine zenye maji ya floraidi nyingi, angalia ncha za majani ya gladiola, masale na jamii zake. Zikikauka rangi ya kahawia wakati mmea una maji ya kutosha, shuku maji yenyewe. Kinga maji ya bati wakati wa mvua, na uyatumie kwa mimea hiyo.

Septemba pogoa vichaka vya salvia hadi sentimita 30 kutoka ardhini, na pentasi punguza theluthi moja. Moyo unasita, kwa sababu vinakuwa vimependeza. Bila kupogoa, Januari vitakuwa na miguu mirefu mitupu na vitakuwa vimeshalalia mapengo.

Mbegu za vuli: hesabu ya wiki

Zinia huchukua wiki 8 hivi kutoka mbegu hadi ua la kwanza. Kosmosi wiki 8 hadi 10. Marigoldi fupi wiki 7 au 8, zile ndefu zenye vichwa vikubwa hadi 12. Huku juu, penye baridi zaidi, ongeza wiki moja. Ukitaka tuta lijae rangi wiki ya Krismasi, hesabu kurudi nyuma: marigoldi ndefu ziwe kitaluni mwishoni mwa Septemba, kosmosi wiki ya pili ya Oktoba, zinia pia wiki hiyo kama utazikata vichwa.

Kukata vichwa ni hivi. Mche wa zinia ukifika sentimita 20, kata ncha ukibakiza jozi tatu au nne za majani. Ua la kwanza litachelewa wiki mbili hivi, lakini badala ya shina moja utapata manne au sita, na kiangazi chote mmea utasimama bila mti wa kuegemea. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kati ya tuta linalodumu hadi Februari na lile linaloisha sikukuu zikiisha.

Zinia na kosmosi hazipendi kusumbuliwa mizizi, kwa hiyo ziote kwenye viriba vidogo, mbegu mbili kila kiriba, kina cha nusu sentimita. Siku ya tano hadi ya saba zinachomoza. Bakiza mche mmoja. Baada ya wiki tatu, zianike juani kidogo kidogo kwa wiki moja, kisha ndio uzihamishe. Marigoldi huvumilia zaidi. Sia kwenye boksi, hamisha kwa mkono.

Nilikuwa nasia moja kwa moja kwenye tuta. Nimeacha, kwa sababu mvua ya vuli ikichelewa mbegu zinakaa tu, na ikija kwa nguvu inazisomba hadi barabarani.

Kujaza mapengo (Novemba)

Sogeza matandazo, toboa kwa kijembe cha mkono, usilime. Mizizi ya agapanthasi na pentasi iko pale chini. Kaa sentimita 30 kutoka katikati ya kila mmea wa kudumu. Zinia zipe nafasi ya sentimita 30, kosmosi 40, marigoldi fupi 25. Panda jioni au siku ya mawingu, mwagilia papo hapo, rudisha matandazo siku tatu baadaye.

Panda kwa vikundi vya miche mitano hadi saba ya rangi moja. Pakiti ya rangi mchanganyiko iliyotawanywa mche mmoja mmoja hugeuka kuwa madoadoa, na mtu akiwa getini haoni umbo lolote. Kwetu zinia za rangi ya chungwa zimekaa karibu na agapanthasi za buluu, kosmosi nyeupe katikati ya salvia ya zambarau, na marigoldi za njano zimetawanyika vikundi vitatu mbele ili jicho lisafiri kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Nyeupe usiidharau. Jioni, wageni wakikaa barazani, ndiyo inayoonekana ya mwisho.

Neno moja kuhusu marigoldi, kwa kuwa wengi huuliza. Ni kweli hupunguza minyoo fundo, ile midogo inayoshambulia mizizi, kwenye udongo, lakini kwa kupandwa eneo zima kwa miezi miwili au mitatu. Mimea minne pembeni mwa nyanya haifanyi kazi hiyo. Ipande kwa ajili ya rangi.

Maji ya Januari na Februari

Tuta kama hili linahitaji karibu lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki mvua zikikatika: lita 225, yaani ndoo 11 hivi. Zigawe mara mbili kwa wiki, asubuhi na mapema. Kunyunyiza kidogo kila jioni huleta mizizi juu, na siku ukisafiri mimea inaanguka yote. Mwagilia chini, kwenye udongo. Zinia zikilowa majani usiku huugua upesi; angalia pia ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga wa sembe. Majani yaliyoanza yang'oe na uyachome, usiyatie kwenye mboji.

Maji yakiwa machache, yape maua ya msimu kwanza. Mizizi yake ni mifupi. Ya kudumu, kama yalipandwa Aprili, yameshafika chini na yatavumilia wiki mbili. Hapo ndipo utakapoona faida ya kupanda mara mbili.

Kukata, na kuacha

Ua likinyauka, likate. Zinia kata juu tu ya jozi ya majani, na shina mbili zitachipua pale. Kosmosi kata kwa mkasi wa nyasi, vichwa vingi kwa mpigo, kila wiki. Mmea ukishatoa mbegu unajiona umemaliza kazi, kwa hiyo usiuruhusu hadi katikati ya Februari. Agapanthasi kata kikonyo kizima hadi chini.

Kuanzia katikati ya Februari, chagua mimea miwili au mitatu bora ya kila aina, uifunge uzi, uache vichwa vyake vikauke juu ya shina. Mbegu za chotara, zilizoandikwa F1 kwenye pakiti, hazitazaa kama mama yao, kwa hiyo hifadhi za kawaida tu. Anika kivulini siku saba, weka kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, andika jina, rangi na mwaka. Bahasha zitie kwenye chupa yenye kijiko cha mchele mkavu chini, mahali pasipo joto.

Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, kata mabua ya maua ya msimu usawa wa ardhi na uache mizizi ioze humohumo, ili usisumbue majirani zake wa kudumu. Ongeza mboji sentimita 2 au 3, isipokuwa kwenye mapengo ya kosmosi. Agapanthasi zikifika mwaka wa nne au wa tano na maua yakaanza kupungua, hiyo ndiyo wiki ya kuchimba shina, kuligawa kwa panga vipande vitatu au vinne, na kurudisha kimoja.